Matundu Matatu au Mkato Mmoja? Uvimbe wa Kidole Tumbo Ulivyoingia Ndani ya Ndoa Yetu

Wanandoa wengi hugombana kwa ajili ya pesa, ndugu wa mume, au meseji zilizokutwa kwenye simu. Mimi na mume wangu, mwaka 2022, tuligombana wiki mbili nzima kwa ajili ya kovu ambalo lilikuwa hata halijatokea. Yeye alitaka atobolewe matundu matatu madogo, arudi zake nyumbani. Mama yake alitaka afunguliwe tumbo "waone kila kitu". Mimi niliyekuwa katikati yao nilitaka kitu kimoja tu, mume wangu apone.

Kilichotufikisha hapo ni uvimbe kwenye kidole tumbo. Najua unachowaza, mpenzi msomaji. Kidole tumbo si ndiyo ule ugonjwa ambao mtu anashikwa usiku, anakimbizwa hospitali, anapasuliwa, na baada ya muda mfupi yuko kazini anachapa kazi? Na sisi ndivyo tulivyojua. Hatukujua kwamba chenyewe nacho kinaweza kuota uvimbe, na kwamba kikishakuwa na uvimbe, namna ya kukitoa inakuwa jambo la kufikiria mara mbili. Tangu yetu yaishe nimeshapigiwa simu na marafiki watatu, wote na swali lile lile: "Shoga, tuchague matundu au kisu?" Haya ndiyo ninayowajibu.

KILIVYOGUNDULIKA

Mume wangu alikuwa na miaka 36. Kwa miezi kadhaa alilalamika kwamba chini ya tumbo, upande wa kulia, kuna kitu kama kinamvuta. Hayakuwa maumivu ya kumlaza kitandani. Jumamosi alicheza mpira na washikaji zake, jimu alikwenda, na chakula alikula kama kawaida, tena sahani mbili. Zahanati moja ilimpa dawa za vidonda vya tumbo. Nyingine ikampa za minyoo. Akazimeza zote, na kile kitu kikaendelea kumvuta.

Mwaka huo ofisini kwao wafanyakazi wakapimwa afya. Ultrasaundi ikaonyesha kitu kirefu, kinene, mahali ambapo hakikutakiwa kuwepo. Akatumwa kupiga picha ya CT. Jibu likaja kwamba kidole tumbo kimevimba hadi upana wa sentimita 2.5 na kimejaa ute.

Ili uelewe ukubwa wa jambo lenyewe, kidole tumbo ni kijimfuko kinachoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana. Kwa watu wengi urefu wake ni kati ya sentimita 6 na 10, na ni chembamba kama penseli. Cha mume wangu kilikuwa kama ndizi mbivu ndogo, zile tunazowapa watoto. Daktari alituambia wazi kwamba kwenye picha hawezi kujua kama ni kansa au la. Alichojua ni kwamba kinatakiwa kitoke, na kitoke kizima.

Hilo neno "kizima" lilinipita siku ile. Baadaye ndilo lililomaliza ugomvi wetu.

SI UGONJWA WA KILA MTU, LAKINI UPO

Uvimbe wa kidole tumbo ni wa nadra. Kati ya vidole tumbo 100 vinavyotolewa hospitalini, kwa kawaida kama kimoja hivi ndicho hukutwa na uvimbe, na mara nyingi mgonjwa na daktari wote hawakuutarajia. Mtu anapelekwa kwa maumivu ya kawaida, anapasuliwa, kinyama kinapelekwa maabara, halafu simu inaita.

Ndivyo ilivyomtokea Stuart Scott, mtangazaji maarufu wa michezo wa ESPN huko Marekani. Mwezi Novemba 2007 alitolewa kidole tumbo kwa dharura, na kipimo kikaonyesha kansa. Alipambana nayo akiwa bado anatangaza, mpaka alipofariki Januari 2015 akiwa na miaka 49. Na yule mwigizaji mrembo Audrey Hepburn, ambaye picha zake mpaka leo zimebandikwa kwenye saluni, alirudi kutoka Somalia mwaka 1992 akiwa balozi wa UNICEF, tumbo likimuuma. Novemba mwaka huo, mjini Los Angeles, madaktari waliingiza kamera kupitia tundu dogo tumboni na kukuta kansa iliyoanzia kwenye kidole tumbo, ikiwa imeshasambaa. Alifariki Januari 20, 1993, akiwa na miaka 63.

Sikutajii hao ili presha ikupande. Uvimbe mwingi wa sehemu hii hautishi kiasi hicho. Kwa lugha nyepesi kuna makundi matatu. La kwanza ni uvimbe mdogo mgumu unaotokana na chembe zinazotengeneza homoni. Huu mara nyingi hukua polepole sana. La pili ni uvimbe wa ute, kama wa mume wangu, ambao unajaza kijimfuko kama puto la maji. La tatu ni kansa kali inayofanana na ile ya utumbo mpana. Kila kundi lina taratibu zake, ndiyo maana ushauri wa jirani aliyepasuliwa mwaka jana hauwezi kuwa ushauri wako.

NYUMBANI KUKAWAKA MOTO

Baba watoto aliposikia neno upasuaji, alikwenda moja kwa moja kwenye matundu. Ana mwili wake ameuhangaikia jimu miaka minne, na Jumapili Coco Beach shati halikai mwilini. "Mke wangu, dunia ya leo nani anapasuliwa tumbo zima?" aliniuliza. "Hayo ni mambo ya enzi za babu." Isitoshe kazini alikuwa amepewa mradi mpya, na aliona mwezi mzima wa kukaa nyumbani utampa mtu mwingine kiti chake.

Mama mkwe, yeye alipofika kutoka Tanga hakutaka hata kusikia. "Mwanangu, mtu anachungulia kwa tundu la ufunguo atajua kuna nini chumbani? Wafungue, waone, wasafishe, wafunge." Shemeji mkubwa akaongeza kwamba matundu ni biashara ya hospitali za matajiri. Kweli, gharama zilitofautiana, na bima yetu ilisema upasuaji wa matundu unahitaji barua ya kibali kwanza. Kila jioni sebuleni ikawa kama kikao cha bunge.

Nilichogundua ni kwamba kila mmoja alikuwa anaongelea hofu yake. Mume wangu alihofia mwili wake na kazi yake. Mama yake alihofia kitu kibaki ndani. Kwa hiyo nikaomba miadi na daktari bingwa wa upasuaji, twende wote watatu, kila mtu aulize lake. Na nashauri kila wanandoa wafanye hivyo. Mgonjwa akienda peke yake anarudi na nusu ya maneno, tena ile nusu aliyoipenda.

NJIA MBILI ZENYEWE

Daktari alichora kwenye karatasi. Upasuaji wa kufungua ndio wa zamani, na wanaume wa Kimarekani kama Charles McBurney waliuwekea utaratibu mwishoni mwa miaka ya 1800. Kwa kidole tumbo cha kawaida mkato unakuwa mdogo, chini upande wa kulia. Kukiwa na uvimbe, mara nyingi mkato unapita katikati ya tumbo ili daktari apate nafasi ya kuona na kupapasa kwa mkono. Faida yake ni hiyo ya mkono. Kitu laini kinashikwa taratibu, na sehemu zilizo jirani zinakaguliwa kwa vidole.

Hasara zake unazijua. Maumivu ni mengi, kidonda kinaweza kuchimbika au kupata usaha, na baadaye ngiri inaweza kutokea pale palipokatwa. Hospitalini mtu hukaa siku tatu hadi tano kama hakuna tatizo, na kunyanyua vitu vizito ni marufuku kwa wiki sita hivi.

Upasuaji wa matundu ulianza kwa vurugu. Aliyetoa kidole tumbo kwa njia hiyo kwa mara ya kwanza ni Kurt Semm, daktari wa wanawake mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1980, na wakubwa wa upasuaji nchini kwao walimshambulia kweli kweli. Leo ni kazi ya kila siku duniani. Mgonjwa analazwa kwa nusu kaputi, tumbo linajazwa hewa ya ukaa ili liinuke kama hema, halafu yanatobolewa matundu, kwa kawaida matatu, ya kati ya milimita 5 na 12. Moja la kamera, mengine ya vyombo. Daktari anafanya kazi akitazama runinga. Mgonjwa huamka na maumivu madogo zaidi, kesho yake au keshokutwa yuko nyumbani, na kazi ya mezani anaweza kuirudia ndani ya wiki moja au mbili.

Hapo mama mkwe alishangaa, maana daktari alimwambia kamera inaona mbali kuliko yeye anavyodhani. Inafika chini ya ini, kwenye nyonga, na juu ya utando wote wa tumbo, sehemu ambazo mkato mdogo wa pembeni hauwezi kuzifikia. Kumbe kwa tundu la ufunguo chumba chote kinaonekana. Tatizo la matundu liko kwenye kushika. Vyombo ni vyembamba, vya chuma, na havina hisia za vidole.

PUTO LA UTE

Mume wangu akauliza swali lake: "Sasa daktari, kama matundu yanaona vizuri na yanapona haraka, tunabishana nini?"

Daktari akamweleza kuhusu ute. Uvimbe wa aina yake ukitolewa mzima, ukiwa umefungwa, mara nyingi habari inaishia hapo. Ukipasuka, ute wenye chembe unamwagika ndani ya tumbo, unajishika kwenye utando, na unaendelea kutengeneza ute mwingine taratibu, kwa miezi au miaka, mpaka tumbo linajaa kitu kama jeli. Na unaweza kupasuka wenyewe kabla ya upasuaji, au ukapasuka kwa sababu mtu ameuvuta vibaya.

Jeli ikishatapakaa, tiba yake ni upasuaji mkubwa ambao Dk. Paul Sugarbaker wa Washington ndiye aliyeujengea jina. Mgonjwa anafunguliwa kutoka chini ya kifua mpaka karibu na kinena, utando wenye ugonjwa unabanduliwa vipande vipande, halafu tumboni inazungushwa dawa ya kansa iliyopashwa moto, kama nyuzi 42 za sentigredi. Inaweza kuchukua saa kumi. Huko Uingereza wagonjwa wa aina hii hupelekwa kwenye vituo maalumu, kama kile cha Basingstoke, kwa sababu si kazi ya hospitali yoyote tu.

"Kwa hiyo," daktari akamwambia mume wangu, "wewe unaogopa kovu la sentimita kumi. Mimi naogopa nikulazimishe matundu, kitu kipasuke, halafu miaka mitatu ijayo upate kovu la tumbo zima."

Mume wangu alinyamaza. Mama mkwe naye akanyamaza.

Akaendelea kutueleza jinsi atakavyofanya. Ataanza na matundu, achungulie kama kuna ute uliomwagika tayari. Kama hakuna, na kama kidole tumbo kinachezeka, hatakishika chenyewe. Atashika mafuta yaliyokibeba. Atakikata pale shina lilipo safi, akitumbukize kwenye kifuko cha plastiki kikiwa bado ndani ya tumbo, na kifuko ndicho kitakachotolewa, ili hata tone lisiguse nyama ya kwenye tundu. Chembe zikigusa pale zinaweza kuota kwenye kovu lenyewe. Lakini kama kimeng'ang'ania, au ngozi yake imekuwa nyembamba, atasimama na kufungua. Alitaka mume wangu asaini fomu ya ridhaa ya njia zote mbili.

"Ukiamka ukakuta mkato, usiseme nimeshindwa," alisema. "Nimeamua."

Kwa kweli hapo ndipo nilipopumua. Sisi tulikuwa tunagombania njia, wakati mwenzetu anawaza kitakachotoka na kitatokaje. Tulipotoka pale hakuna aliyesema tena "matundu" wala "kufungua". Mama mkwe alisema tu, "Basi kitoke kizima."

SIKU YENYEWE

Kabla ya upasuaji alipimwa damu, pamoja na kipimo cha CEA ambacho hupanda kwenye baadhi ya kansa za tumbo, na aliingizwa kamera kupitia njia ya haja kubwa kukagua utumbo mpana. Hiki cha pili wanaume hawakipendi hata kidogo. Wangu alikwenda baada ya kunikabidhi ahadi kwamba sitawasimulia washikaji zake. Sasa ameniruhusu, hivyo msinipigie simu.

Aliingia chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Alitoka saa tano na nusu. Daktari alikuja mwenyewe kwenye benchi tulipokaa. Kamera ilikuta tumbo safi, hakuna ute uliomwagika. Ila kidole tumbo kilikuwa kimejikunja nyuma ya utumbo na kung'ang'ania ukuta wa tumbo, na upande mmoja ngozi yake ilikuwa nyembamba kama ya maini ya kuku. Akafungua. Mkato wa sentimita 12, kuanzia chini kidogo ya kitovu. Kimetoka kizima.

Mume wangu alipozinduka, kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka mkono tumboni chini ya shuka. Akakuta bandeji ndefu. Akanitazama. Nikamwambia, "Kizima." Akafumba macho, machozi yakamtoka pembeni. Mpaka leo sijamuuliza yalikuwa ya furaha au ya huzuni. Nadhani yalikuwa ya vyote.

KARATASI INAYOPITA ZOTE

Watu wengi wakishatoka hospitali wanaona kazi imekwisha. Kwa uvimbe wa kidole tumbo kazi inakwisha karatasi ya maabara ikirudi. Sisi tulisubiri siku 16. Nilikonda.

Jibu likasema ni uvimbe wa ute wa daraja la chini, haujatoboka, shina lilipokatwa ni safi, hakuna ute nje. Maana yake hakuhitaji upasuaji mwingine wala dawa za kansa, ila picha kila mwaka kwa miaka kadhaa. Picha ya mwaka 2025 imetoka safi, na tunamshukuru Mungu.

Mwenzio anaweza kupata jibu tofauti. Ule uvimbe mdogo wa homoni, ukiwa chini ya sentimita 1, kwa wagonjwa walio wengi kutolewa kidole tumbo peke yake kunatosha. Ukizidi sentimita 2, madaktari mara nyingi hurudi kutoa upande wa kulia wa utumbo mpana pamoja na tezi zake. Walio katikati, kati ya 1 na 2, walibishaniwa kwa miaka mingi. Mwaka 2023 jarida la The Lancet Oncology lilitoa utafiti wa Ulaya uliofuatilia wagonjwa 278 wa ukubwa huo, na haukuona kwamba waliotolewa na utumbo waliishi zaidi ya waliotolewa kidole tumbo tu. Kwa hiyo ukiambiwa urudi kupasuliwa tena kwa uvimbe wa sentimita moja na nusu, una haki ya kuuliza kwa nini. Ikiwa ni kansa ile kali, kurudi mara nyingi ni lazima, na upasuaji huo wa utumbo nao unaweza kufanywa kwa matundu kama daktari ana uzoefu.

CHUMBANI

Sasa nije kwenye lile ambalo marafiki zangu huuliza kwa sauti ya chini.

Wiki sita za kwanza zilikuwa ngumu. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na miaka miwili na hakuelewa kwa nini baba hambebi. Kukohoa kulikuwa mateso, alikuwa anabana mto tumboni kwanza. Mimi nilikuwa mke, nesi, dereva na mpishi, halafu asubuhi ofisini. Kuna siku nilifunga mlango wa bafuni nikalia kimya kimya, nikanawa uso, nikatoka.

Lakini kilichotusumbua zaidi kilikuja baadaye, kidonda kilipokuwa kimeshafunga. Mume wangu akaanza kulala na fulana. Taa ikizimwa ndipo anavua shati. Nikimgusa tumbo anausogeza mkono wangu. Daktari alishasema tendo la ndoa tunaweza kurudia maumivu yakiisha na kidonda kikishapona, na vyote viwili vilikuwa tayari. Wiki zikapita. Mwanamke akikaa hivyo anaanza kujiuliza maswali ya ajabu.

Usiku mmoja nikamuuliza waziwazi. Akasema anajiona kama gari lililogongwa likapigwa rangi. Coco hataki kwenda kwa sababu watu watauliza. Na akaongeza neno ambalo sikulitegemea: "Ningeng'ang'ania matundu, ningekuwa sina hili."

Sikumbishia. Nilichukua karatasi ya maabara kutoka kwenye droo, nikamsomea ule mstari unaosema haujatoboka. Nikamwambia kwamba mimi nikiliona lile kovu ndiyo mstari huo ninaousoma. Hakusema kitu. Hakugeuka malaika siku ile, na fulana iliendelea kwa wiki kadhaa. Ila taratibu iliondoka, na siku nyingine aliniomba nimpake mafuta pale palipokuwa panawasha. Wanandoa mtanielewa, wakati mwingine mapenzi yanarudi kwa mlango wa kupakana mafuta.

Leo Coco anakwenda, na shati anavua. Wakimuuliza anawaambia aling'atwa na papa. Wapo walioamini.

MKIENDA KWA DAKTARI, ULIZENI HAYA

Moja, picha inaonyesha uvimbe wa aina gani, una ukubwa gani, na uko kwenye ncha au kwenye shina? Ulio kwenye shina unaweza kuhitaji kukatwa pamoja na kipande cha utumbo.

Mbili, kuna dalili kwamba umeshapasuka?

Tatu, kama ni matundu, mtatumia kifuko cha kutolea? Jibu likiwa la kubabaika, tafuteni maoni ya pili.

Nne, ni hali gani itakufanya uache matundu na kufungua? Daktari mzuri ana jibu tayari, na hachukii kuulizwa.

Tano, amefanya upasuaji wa aina hii mara ngapi? Kufungua kwa mkono wenye uzoefu ni bora kuliko matundu ya mtu anayejifunzia kwako.

Sita, kinyama kinapelekwa maabara gani, na majibu lini? Hili hata aliyepasuliwa kwa dharura ya kawaida aulize. Usiache kidole tumbo chako kiende kutupwa bila kupimwa.

Na la mwisho ni kwa waliovuka miaka 40. Siku hizi kidole tumbo kilichofanya jipu mara nyingi hutulizwa kwanza kwa dawa, na mtu anajiona amepona, haoni haja ya kupasuliwa. Huko Finland mwaka 2019 ulitolewa utafiti wa wagonjwa 60 wa namna hiyo. Watu 12 kati yao walikutwa na uvimbe, na wote walikuwa na zaidi ya miaka 40. Kama ni wewe au mwenzi wako, rudini hospitali mkaulize kama hicho kilichobaki kitolewe. Mwende wawili.